Waswasi sio ugonjwa wa Wazungu: mfundisheni muuguzi wa zahanati!

Najua nimekuwa kimya. Mitihani ilinibana, na bumu limechelewa kama kawaida yake. Leo naandika nikiwa na hasira kidogo, kwa hiyo mnivumilie.

Wiki hii hapa chuoni nimeisikia kauli moja mara tatu, kwa watu watatu tofauti: "Hayo ya kunawa mikono mara hamsini ni magonjwa ya Wazungu. Sisi tuna shida zetu za kweli." Wa kwanza ni mwenzangu wa ualimu, tukiwa kwenye semina ya saikolojia ya elimu. Wa pili ni rafiki yangu anayesomea mambo ya afya, na huyo ndiye aliyeniuma. Wa tatu simtaji, maana karatasi yangu bado iko mezani kwake.

Jamani, kauli hii ni uongo. Tena ni uongo unaoumiza watu. Nilifanya mazoezi ya kufundisha kwenye vijiji vya Ghuba ya Chole, kule Mafia, na huko ndiko nilikojifunza kwamba ugonjwa huu upo, una jina la Kiswahili, na mtu wa kwanza anayeweza kuushughulikia yupo tayari kijijini. Ni muuguzi wa zahanati. Kinachokosekana ni kumfundisha.

Kwa wasiopajua: Mafia ni wilaya ya kisiwa katika Mkoa wa Pwani. Ghuba ya Chole iko upande wa kusini mashariki, Utende upande mmoja na visiwa vidogo vya Chole, Juani na Jibondo upande mwingine. Eneo hilo ni sehemu ya Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia iliyoanzishwa mwaka 1995. Watalii wanakuja kupiga mbizi kuangalia matumbawe. Wenyeji wanavua, wanaunda vyombo, wanalima, na swala tano hazipiti bure.

Sasa tuanze na jina. Hospitali kubwa wanauita ugonjwa wa fikra zinazong'ang'ania na matendo yanayojirudia. Fikra inaingia bila kukaribishwa: mikono yangu ina najisi, mlango sikuufunga, nitamdhuru mwanangu. Hofu inapanda. Ili ishuke, mtu anafanya kitendo: ananawa, anarudi kuangalia mlango, anahesabu, anaomba aambiwe kwamba hakuna kitu. Anapata nafuu ya dakika mbili, halafu fikra inarudi, na safari hii inadai zaidi. Wengi wanajua kabisa kwamba wanachofanya kimezidi. Ndiyo maana wanaficha.

Haya, nendeni Chole mkamwelezee mzee yeyote wa msikitini hali hiyo, halafu mumuulize inaitwaje. Hatasema ni ugonjwa wa Wazungu. Atasema: "Huyo ana waswasi." Neno hili ndilo lililotupa "wasiwasi" ya kila siku, ila sisi wa mjini tumelipunguza makali, siku hizi hata daladala ikichelewa tunasema tuna wasiwasi. Asili yake ya Kiarabu ni mnong'ono, yaani wazo linalokunong'oneza ndani na kurudi kila ukilifukuza. Abu Zayd al-Balkhi, msomi wa Balkh, nchi ambayo leo ni Afghanistan, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu cha afya ya mwili na nafsi, na humo alizitenga fikra hizi zinazorudi kama tatizo la peke yake, mbali na huzuni, hofu na hasira. Ibn Qudama, mwanasheria wa Kiislamu aliyefariki Dameski mwaka 1223, aliandika kitabu kizima cha kuwakemea watu wa waswasi wanaorudia rudia udhu na nia ya swala. Kukemea mgonjwa sikubaliani nako. Lakini mwaka 1223 Mzungu gani alikuwa amewaletea watu wa Dameski ugonjwa wake?

Kwa hiyo hilo la Wazungu tulifunge.

Na tusichanganye mambo. Kupenda usafi sio ugonjwa. Kutia udhu mara tano kwa siku sio ugonjwa, ni ibada. Ugonjwa ni pale kitendo kinapokula saa nzima au zaidi ya siku, kinapomtesa mtu, kinapomzuia kazi, shule, ndoa na hata hiyo ibada yenyewe. Katika orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, tatizo hili limewekwa pamoja na ndugu zake: kung'oa nywele zako mwenyewe, kuchokonoa ngozi mpaka iwe vidonda, kurundika vitu usivyoweza kutupa, kujiona una kasoro mwilini ambayo wengine hawaioni, kuamini unanuka wakati hunuki, na hofu isiyokoma kwamba una ugonjwa mkubwa. Ukiisoma orodha hiyo polepole utamkumbuka mtu.

Mimi ninamkumbuka mama mmoja wa makamo kwenye kijiji kimoja cha ghuba ile. Jina lake na la kijiji nabaki nayo. Alikuwa anaanza kutia udhu kabla ya adhana, na wenzake wakishatoka msikitini yeye bado yuko kisimani. Mikono yake ilikuwa imechanika kama ng'onda. Alikwenda zahanati moja, akapewa mafuta ya kupaka. Alirudi tena, akaambiwa, "Mama, punguza mawazo." Hakurudi mara ya tatu. Ndugu wakampeleka kwa mganga, fedha za mbuzi zikatoka, mikono ikabaki vile vile.

Simlaumu muuguzi yule. Narudia, simlaumu. Hakuna aliyemfundisha kuuliza swali moja dogo: "Mama, mikono imechanikaje?" Lakini nawalaumu wanaopanga mafunzo yake.

Fikirieni pia Jibondo. Kwa miaka mingi kisiwa kile maji ya kunywa yalikuwa yanavushwa kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa. Mgonjwa wa kunawa akiwa kwenye nyumba ya namna hiyo hagombani na nafsi yake tu, anagombana na ukoo mzima. Kila ndoo anayomwaga kuna mtu aliipigia kasia. Halafu mtu amekaa chini ya mwembe hapa chuoni ananiambia hiyo sio shida ya kweli!

Tafiti za nchi mbalimbali zinakadiria kwamba katika kila watu 100, mmoja mpaka watatu hupatwa na tatizo hili wakati fulani wa maisha. Sensa ya 2022 ilikuta Mafia ina watu zaidi ya 60,000. Chukueni kadirio la chini kabisa, mtu mmoja katika mia, mfanye hesabu ya darasa la nne: ni zaidi ya watu 600 katika wilaya moja. Wako wapi? Wamejifungia, wananawa.

Sasa nasikia mtu anasema: wapelekwe Mirembe. Kwa Watanzania neno hilo limekuwa tusi na utani, na mimi nadhani utani huo umetufunga akili. Mirembe iko Dodoma tangu mwaka 1927, ni hospitali ya heshima, na ina kazi yake kwa walio hoi. Lakini mama wa kisimani sio hoi. Anapika, anauza samaki, ana akili zake timamu kuliko wengi wetu. Umpandishe chombo Kilindoni mpaka Nyamisati, basi mpaka Dar es Salaam, halafu kama kilomita 450 nyingine mpaka Dodoma, umwache huko wiki tatu wakati mashua na watoto vinamsubiri? Hata akienda, tiba yenyewe inahitaji ifanyike pale pale hofu inapoishi: kwenye kisima chake, kwenye mlango wake.

Na hapa ndipo penye hoja yangu kubwa, mnisome vizuri.

Tiba ya ugonjwa huu ya kuongea na kutenda ilianza kupata umbo mwaka 1966, pale Victor Meyer alipoeleza wagonjwa wawili aliowatibu London kwa kuwasogeza karibu na kitu wanachokiogopa na kuwazuia wasifanye kile kitendo cha kujituliza. Nani alikaa na wagonjwa saa hadi saa wodini? Wauguzi. Kisha mwaka 1972, kwenye hospitali ya Maudsley, London, daktari Isaac Marks, mzaliwa wa Cape Town, akaanza kuwafundisha wauguzi watoe tiba hii wenyewe, kwa hofu na kwa waswasi. Wakubwa wengine walidhani haiwezekani. Matokeo yalionyesha kwamba wagonjwa wa wauguzi wale walipata nafuu kama wagonjwa wa mabingwa. Hii ni zaidi ya miaka 50 iliyopita. Kwa hiyo tiba ya waswasi, tangu inazaliwa, ni kazi ya muuguzi. Sisi ndio tumeifanya kazi ya mtu ambaye hayupo.

Mtasema London sio Juani. Sawa. Miaka ya 1980 Tanzania hii hii ilipeleka huduma ya afya ya akili vijijini, ikianzia mikoa ya Morogoro na Kilimanjaro, kwa kuwatumia wahudumu wa kawaida wa zahanati. Zimbabwe kuanzia mwaka 2006 wamewafundisha akina bibi wa mtaani kukaa kwenye benchi na kuwasikiliza wenye sonona, na utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha wanasaidia kweli. Sonona sio waswasi, najua. Lakini kama bibi asiye na cheti anaweza kufundishwa hilo, muuguzi aliyekaa chuo miaka miwili au mitatu anashindwaje hili?

Muuguzi anatakiwa afanye nini hasa? Nieleze kidogo, maana watu wanadhani ni uchawi.

Aanze kwa kuuliza. Je, unanawa au kusafisha kuliko wenzako? Unarudia rudia kuangalia kama umefanya kitu? Kuna wazo linakusumbua na halitoki hata ukilifukuza? Shughuli ndogo za kila siku zinakuchukua muda mrefu mno? Maswali manne, dakika tatu, tena kwa sauti ya chini na mlango umefungwa, sio mbele ya foleni ya kliniki.

Pili, asicheke, asikemee, wala asimnyang'anye ndoo kwa nguvu. Na asimpe hakikisho kila anapoliomba. Hili la mwisho ni gumu kwetu maana sisi ni watu wa kufariji. Mgonjwa akiuliza mara ya arobaini, "Mlango nimeufunga?", ukijibu ndiyo, umemlisha ugonjwa. Familia nayo ifundishwe kusema kwa upole: "Umeshauliza bibi, sasa tukae na hiyo shaka pamoja."

Tatu, wapange ngazi pamoja na mgonjwa, kuanzia kinachoogopesha kidogo. Leo gusa kamba ya mashua, usinawe kwa dakika kumi. Hofu itapanda, halafu, hapa ndipo penye siri, itashuka yenyewe bila maji. Kesho dakika ishirini. Wiki ijayo udhu mmoja kwa kopo moja, basi. Mgonjwa ndiye anayekubali kila ngazi, halazimishwi.

Na kwenye udhu muuguzi asijifanye mufti. Amwite shehe wa kijiji. Kuna kanuni ya fiqhi inayojulikana madrasani: yakini haiondoki kwa shaka. Ukishajua umetia udhu, shaka inayokuja nyuma haikuharibii kitu. Mimi sio shehe, lakini naona kanuni hiyo na tiba ya Maudsley zinaelekea upande mmoja: isikie shaka, usiitii. Muuguzi na shehe wakikaa jamvi moja, mgonjwa atasikia kwa masikio yote mawili.

Nne, dawa. Zipo, kama fluoksetini na klomipramini, na hiyo klomipramini iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya ugonjwa huu. Anayeandika ni daktari au tabibu, lakini anayemfuatilia mgonjwa ni muuguzi. Ajue kwamba kwa waswasi dawa huchukua wiki 10 hadi 12 kuonyesha matunda yake yote, kwa hiyo mgonjwa akirudi wiki ya tatu analalamika, asimwambie dawa imeshindwa. Ajue pia dawa hizi haziachwi ghafla. Na valiamu haitibu waswasi, inamlaza mtu tu, akiamka ndoo iko pale pale.

Tano, aangalie mwili na uhai. Ngozi iliyochanika ikiingia chumvi na uchafu inaoza. Tena aulize wazi wazi kama mgonjwa amechoka kuishi. Kuuliza hakumpi mtu wazo hilo, kunampa nafasi ya kulitoa.

Halafu kuna mama aliyejifungua. Hili naomba wauguzi wakunga walisome mara mbili. Wapo akina mama ambao baada ya kujifungua wanapata picha kichwani za kumdondosha mtoto, kumchoma, kumzamisha. Zinawatisha mpaka wanaogopa kumwogesha mtoto au kushika kisu. Huyo ni mgonjwa wa waswasi, na fikra hiyo ni kinyume kabisa na anachokitaka. Ndiyo maana anatetemeka. Akipata ujasiri wa kusema kliniki, halafu muuguzi akapiga kelele na kumwita mumewe, mama huyo hatasema tena maisha yake yote. Tofauti na mama anayesikia sauti, anayeona kumdhuru mtoto ni jambo la haki, au aliyechanganyikiwa: huyo ni dharura, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na asiachwe peke yake na mtoto. Kuzitofautisha hali hizi mbili kunaokoa watu wawili. Linafundishika mchana mmoja.

Sisi walimu hatuponi kwenye lawama hizi. Ugonjwa huu mara nyingi huanza utotoni au ujanani, yaani unaanzia mikononi mwetu. Mwanafunzi anayefuta na kuandika upya mpaka karatasi inatoboka tunamwita mzembe. Anayechelewa kila siku kwa sababu amerudi nyumbani mara tano kuangalia kufuli, tunamchapa. Binti mwenye upara kichwani kwa kung'oa nywele tunasema anatafuta macho ya watu. Kwenye somo letu la ushauri nasaha tumejaza madesa ya wanasaikolojia marehemu, lakini hakuna aliyetuambia: ukiona hivi, mshike mkono mwanafunzi mpeleke zahanati. Na hata angetuambia, tungempeleka kwa nani?

Sio Tanzania peke yake iliyolala. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mwaka 2008 mpango wa kuziba pengo la huduma za akili katika nchi kama yetu, na miongozo yake ya 2010 na 2016 imetumika kufundishia wahudumu wasio mabingwa. Ina sura ya sonona, ya saikosisi, ya kifafa, ya pombe na dawa za kulevya, ya kujidhuru. Sura ya waswasi haina. Sasa kama kitabu cha kufundishia hakina, muuguzi wa Utende ataota?

Najua jibu la wakubwa: muuguzi ana kazi nyingi, zahanati ina watu wachache, kwanza malaria, kwanza uzazi. Hoja hii ndiyo pekee ninayoiheshimu, kwa sababu ni kweli. Muuguzi wa kijijini anazalisha usiku, anachanja asubuhi na kuandika ripoti jioni. Lakini mama wa kisimani alishachukua muda wa zahanati mara mbili, na mafuta mara mbili, bila faida. Kutomtambua mgonjwa hakupunguzi foleni, kunamrudisha kwenye foleni. Na kama watumishi ni wachache, waongezwe. Mpango wa afya ya msingi wa mwaka 2007 uliahidi zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata. Jengo bila mtu aliyefundishwa ni banda lenye rangi nzuri.

Kwa hiyo nadai mambo manne, na sioni hata moja linalohitaji mfadhili. Waswasi na ndugu zake wawekwe kwenye mafunzo ya wauguzi wa ngazi zote, sio mistari miwili ya kukariri kwa ajili ya mtihani bali siku za vitendo. Wauguzi walioko kazini wafundishwe kwa zamu pale hospitali ya wilaya, na mmoja wao awe wa kupigiwa simu na wenzake wa visiwani, maana bahari ikichafuka hakuna chombo lakini simu inaweza kuvuka. Maswali yale manne yabandikwe ukutani kliniki ya mama na mtoto. Na sisi wa ualimu tufundishwe kutambua na kupeleka, kabla hatujapewa fimbo.

Anayeona nimekosea alete hoja hapo chini, nitamjibu. Ila asiniletee tena ile ya magonjwa ya Wazungu. Na kama unayesoma ni wewe mwenyewe unayenawa mpaka ngozi inatoka, sikiliza ndugu yangu: wewe sio mwendawazimu, hukulogwa, na hauko peke yako. Hiki ni kitu kinachotibika. Ukifika zahanati wasipokuuliza, anza wewe kusema.

Nawasilisha.